Nilivyomsaidia Kabula Kupata Tovuti ya Lamadi

Jumamosi, 3 Julai 2004. Bariadi.

Naanza kuandika kwa sababu mambo makubwa yanatokea nyumbani kwangu na hakuna anayeyaandika. Binti yangu Kabula anatengeneza tovuti. Tovuti ni kama ubao wa tangazo, ila uko ndani ya kompyuta, na mtu wa Ulaya anausoma akiwa kwao. Mimi niliishia darasa la saba. Kabula nimemzaa mimi. Kwa hiyo asiulize mtu akili imetoka wapi.

Bwana Januarius, mwenye hoteli mpya kule Lamadi, anataka tovuti ya kuwavutia watalii wa Serengeti. Wanaogombea kazi ni wawili. Kabula wangu, anayefanya kazi kwenye chumba cha intaneti jirani na stendi, na Tajudin, mtoto wa Bi Muzdalifa mwenye duka la vitenge. Tajudin ana cheti cha Dar. Mama yake kakitia kwenye fremu, kakitundika juu ya majora ya khanga, mteja asome kabla hajauliza bei. Ijumaa bwana mwenye hoteli anakuja kuchagua, kwenye chumba hicho cha intaneti.

Mabula, baba yake Kabula, kasema mtoto akikosa, Jumatatu anakwenda Mwandoya kupima pamba. Siku hizi wanunuzi binafsi ni wengi kuliko pamba yenyewe, na wote wanatafuta karani. Kompyuta basi. Kabula aliposikia hakula. Nilikula chakula chake na changu, maana lazima mmoja wetu awe na nguvu.

Shida ni kwamba mtoto kakauka kichwa. Kila anachochora kinafanana na ukurasa aliowatengenezea watu wa parokia. Hoteli inaonekana kama inangoja misa ya pili. Kasoma mahali kwamba mbunifu akikauka atafute vitu vipya vya kutazama, ajaribu asichokijua, tena awaoneshe watu kazi yake waikosoe. Nimeyashika yote. Kuanzia kesho ubunifu wa mtoto huyu uko chini yangu.

Jumapili, 4 Julai.

Vitu vipya. Kabula alipokuwa kanisani nikapamba chumba chake. Vitenge ukutani. Kibuyu. Ngozi ya mbuzi. Kalenda yenye pundamilia. Na jogoo mzima, kwa ajili ya rangi.

Karudi, kasimama mlangoni, kauliza kama jogoo naye analala humo. Nikamwambia jogoo yule ana rangi ambazo kompyuta hazijazifikia. Jogoo akachafua kitabu chake cha kujifunzia, tena kwenye sura ya rangi. Nikasema unaona, hata yeye anajua.

Kabula akatoka, akatembea peke yake mpaka nje ya mji. Jua limezama ndiyo anarudi, macho yamechangamka, anasema kapata. Rangi mbili tu. Ya maji na ya mchanga. Kaziona njiani, kwenye lambo wanaponywesha ng'ombe.

Jogoo ana rangi zote hizo mbili. Ukimtazama vizuri.

Jumatatu, 5 Julai.

Upelelezi. Nimekwenda dukani kwa Bi Muzdalifa kujifanya natafuta kitenge. Kanikaribisha kwa asali mdomoni. Karibu Mama Kabula, nasikia binti anakwenda Mwandoya, na pamba nayo ni kazi jamani. Nikamjibu ahsante dada, na wako akishindwa atarudi kukunja khanga, nako kunataka ufundi. Tukacheka wote wawili. Meno tu.

Nyuma ya majora nikamwona Tajudin na kompyuta yake. Samaki wanaogelea kwenye kioo. Maandishi yanakimbia. Muziki unalia.

Nikamkimbilia Kabula. Weka viboko, weka tembo, weka boti linalopiga honi. Kabula kasema mama, kila picha ina uzito wake, na laini yetu ya simu inavuta kama punda mwenye kidonda. Mtalii atazeeka anangoja samaki wa Tajudin. Yeye anajifunza kitu kigumu zaidi: kuufanya ukurasa mzuri uwe mwepesi, uenee wote ndani ya disketi moja. Kanionesha hiyo disketi. Kaplastiki kadogo kuliko kisosi.

Niliona aibu kwa niaba yake. Katika ukoo wetu hajatokea mtu aliyesifiwa kwa wepesi.

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba.

Siku ya ukosoaji. Nikamleta chumba cha intaneti jirani yangu Generoza, ambaye huenda Lamadi kununua samaki wa kuuza hapa. Tulikubaliana njiani. Atatazama, atasema maridadi sana, atakunywa chai, ataondoka.

Generoza katazama. Kasema maandishi kama sisimizi. Halafu kauliza namba ya simu ya hoteli iko wapi, maana yeye Lamadi anaijua kama jiko lake na bado hapa hajui ampigie nani. Nikamkanyaga mguu. Akausogeza mguu, akaendelea. Kasema hata jina la hoteli limejificha kama lina deni.

Nilidhani mtoto atalia. Wapi. Kavuta kiti, kamkalisha, kamwita mayu, kama mama yake mzazi, kamwambia nioneshe kwa kidole jicho lako linaanzia wapi. Wakakaa wawili hao, wakahamisha namba ya simu juu kabisa, wakakuza maandishi, wakacheka. Usaliti wa mchana kweupe. Nikamnyima Generoza chai. Kabula akampa ya kwangu.

Lakini Mungu hakuniacha mikono mitupu. Chini ya ukurasa niliona kinamba kidogo. Nikauliza. Kabula kasema kinahesabu watu waliotembelea.

Hapo nikaelewa kila kitu. Kumbe haya ni mashindano ya ngoma. Msukuma gani hajui? Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, saa moja, na ambako watu wanakimbilia ndiko kwenye ushindi. Samaki wa Tajudin waogelee watakavyo, wasipokuwa na watu wamekwisha. Kabula alikuwa bado anasema kwamba Bwana Januarius hatazami namba ile. Mimi nilikuwa nimeshafika barabarani, natafuta wa kumtuma Lagangabilili kwa kaka yangu Salu, kiongozi wa ngoma ya majembe.

Ijumaa, 9 Julai.

Salu hakuniangusha. Lori limejaa wachezaji, njuga miguuni, majembe mabegani. Watu wa stendi wakafuata. Nikawasukumiza kwenye chumba cha intaneti mpaka ukuta ukaanza kutokwa jasho. Nikawaamuru wote wautazame ukurasa wa Kabula kwa pamoja, bila kupepesa.

Kinamba kikaongezeka kimoja.

Kabula kasema kinahesabu mara ukurasa unapofunguliwa, hakihesabu macho. Mashine gani haijui kuhesabu watu waliosimama mbele yake? Nikawatoa, nikawaingiza tena. Kinamba hakikusogea. Basi nikamwambia Salu atoke na watu wake, apige ngoma pale mlangoni, mashine ijue kwamba kuna halaiki.

Ngoma ikalia. Vumbi likapanda. Majembe yakarushwa juu yakadakwa, yakarushwa yakadakwa. La Salu mwenyewe likapanda kuliko yote, likateremka na waya wa simu. Laini ya mtaa mzima ikakata.

Ndipo Bwana Januarius akashuka kwenye gari. Bi Muzdalifa naye akafika na Tajudin na cheti, kwenye fremu yake.

Mgeni kasema haya, nioneshe. Tajudin kafungua kompyuta ya mwanzo, kafungua ya pili, kasema ukurasa wake kauweka kwenye mtandao, kwa mashine ya Dar, na samaki hawatoki bila laini. Bwana Januarius kamtazama Kabula. Mimi nikafumba macho. Nikaona Mwandoya, nikaona mzani, nikaona mtoto wangu kajaa nyuzi za pamba nywele nzima.

Nilipofumbua, Kabula alikuwa ameshachomeka ile disketi. Ukurasa ukafunguka hapo hapo. Maji na mchanga. Bwana Januarius kaweka kidole kwenye namba yake ya simu, pale juu, katabasamu kama aliyekutana na ndugu. Kauliza wazo hilo la nani. Kabula kamwonesha Generoza. Mimi nikajionesha mwenyewe. Hakutazama upande wangu, vumbi lilikuwa jingi.

Kabula kapata kazi. Anaanza Jumatatu.

Bi Muzdalifa kasema kwa sauti kwamba jembe ndilo lililoshinda, si mtoto. Nikamwambia ahsante sana dada kwa kukiri mbele ya watu.

Tajudin, kijana mwenye moyo mzuri lakini kalelewa na yule, kamwomba Kabula amfundishe kupunguza uzito wa ukurasa. Kabula kakubali, kataka naye afundishwe kuwaogelesha samaki. Nikapiga kelele kwamba siri ya ushindi haigawiwi. Hakuna aliyenisikia. Salu alikuwa bado anapiga.

Jumatatu, 12 Julai.

Kabula kaondoka na basi la asubuhi. Baba yake kambebea begi mpaka stendi, anamwambia kila mtu kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Waya uliunganishwa juzi, na simu ya kwanza kuingia ilitoka kwa Bwana Januarius. Ana sharti moja. Mama wa mtengenezaji asikanyage Lamadi mpaka kazi iishe. Kabula alisema hajui nani kampa wazo hilo. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nimekubali kwa mikono miwili. Mimi si mtu wa kung'ang'ania. Nimekaa leo nikapima mambo yote ya wiki hii, nikaona jambo moja wazi kabisa: mtoto mwenye kipaji anakauka asipokuwa na mtu wa kumchangamsha. Na kule Lamadi yuko peke yake na rangi zake mbili.

Kesho Generoza anafuata samaki. Nimemsamehe. Nimejitolea kumbebea kapu, na mwanamke mwenye kapu kichwani hakuna anayemtazama usoni. Nitasimama ng'ambo ya barabara tu. Nisipoona kitu cha kurekebisha, nitageuza kesho hiyo hiyo.

Nimefungasha nguo za wiki mbili.