Mamba Hazimwi

Jumatatu, 2 Juni

Vita vimetangazwa. Asubuhi gari lilizimika mbele ya ofisi ya Mama Watoto, likakataa kuwaka. Akashuka kusukuma, suti na yote. Kisigino cha kiatu kikabaki barabarani. Bosi wake alikuwa dirishani, kikombe mkononi. Akapunga!

Hukumu imetolewa mezani. Jumamosi mama yake anakuja kwa treni, kuhamia kwetu. Gari likimfikisha mama nyumbani bila kusukumwa, linabaki. Likisukumwa hata hatua moja, Jumapili linakwenda kwa seremala wa majeneza, ambaye amelitolea macho tangu mwaka jana kwa ajili ya urefu wa buti lake.

Linakwenda! Gari la familia kutoka Ulaya, la dizeli, refu kama hotuba ya mgeni rasmi, lenye viti viwili vidogo nyuma kabisa vinavyotazama kule lilikotoka! Watoto wangu wamekulia humo wakiwatolea ulimi madereva wa watu. Shemeji, kaka wa mke wangu, analiita Mamba: refu, liko chini, halisogei mpaka litake lenyewe. Yeye ana gari la petroli lililosimama wima kama kabati, linalolia pi-pi-pi usipofunga mkanda. Gari linamfokea mwenyewe, naye ananicheka mimi!

Jioni seremala alipita, eti kutusalimia. Akapima buti kwa futi kamba. Kisha akanitazama mimi, utosini hadi kwenye nyayo. Midomo ilikuwa ikihesabu.

Jumanne, 3 Juni

Fundi amesema plagi za kupashia injini joto zimekufa zote. Zikibadilishwa, Mamba atawaka kama kiberiti. Nikamjibu kwamba hiyo ni njama ya wauza vipuri. Dizeli ya kweli inataka mteremko tu: achia breki, gia ya pili, toa mguu kwenye klachi, imewaka. Dunia yenyewe inasukuma! Fundi akaniuliza kama huo mteremko nitautia mfukoni kila niendako. Watu wa siku hizi hawana adabu wala fizikia.

Mteremko ninao, mbele ya geti la jirani yetu, Mwalimu mstaafu. Nimeujaribu: Mamba amewaka. Nikarudia: amewaka! Mpango ni huu. Jumamosi nitamwasha hapo, niende stesheni, nisizime mpaka mama mkwe akanyage kizingiti chetu. Mamba hazimwi. Nimeshangaa mwenyewe kwa akili niliyo nayo.

Nimetoka dukani na kukuta Shemeji, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu, ameegesha kabati lake juu ya mteremko wangu. Anasema pana kivuli. Kivuli! Nimemwambia aondoe. Amesema barabara si ya baba yangu.

Jumatano, 4 Juni

Dawa ya moto ni moto. Nimechukua ubao, nikaandika: HATARI! BOMBA LIMEPASUKA! MSIEGESHE HAPA!!! Nikamwaga ndoo mbili za maji kuusindikiza ukweli. Shemeji akatoka mbio na kandambili moja, akahamisha kabati lake. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Mchana sikucheka tena. Nusu ya mtaa ilikuwa pale na ndoo. Mama mmoja alinilaumu kwa kusimama tu wakati maji ya bure yanapotea. Na Mwalimu mstaafu, raia mwema huyo, amewapigia simu watu wa maji.

Sina wasiwasi. Nimewalalamikia miaka nenda miaka rudi kuhusu bomba letu linalovuja kweli. Hao hawaji.

Alhamisi, 5 Juni

Wamekuja!

Wamechimba mtaro unaokata mteremko katikati. Hawakuona uvujaji. Wakachimba zaidi. Kiongozi wao ameueleza umati kwamba uvujaji usioonekana ndio mbaya kuliko wote, na umati ukakubali. Shemeji alikuwa mstari wa mbele, akiwashikia tochi saa sita mchana.

Mama Watoto ameuliza kwa sauti ya upole, ile ya hatari, kwa nini ubao ule una alama tatu za mshangao kama malalamiko yangu yote. Nikasema ni mtindo ulioenea.

Ijumaa, 6 Juni

Nimegeuza msiba kuwa sherehe. Wachimbaji wamekuja kufukia, nikawaomba wanisukume kwanza. Wamesukuma kwa moyo wote. Mamba amewaka! Masharti yanahusu Jumamosi, hayaigusi Ijumaa. Sasa ananguruma langoni, na atanguruma mpaka kesho.

Mama Watoto alitaka kujua gari linawakia nani. Nikasema nalizoeza.

Moshi ulielekea kwa Mwalimu. Alikuwa ameanika mashuka meupe. Sasa ana mashuka ya kijivu, nami nina adui mwenye elimu.

Alasiri mshale wa mafuta ukalala. Mbio hadi kituoni. Binti wa pampu akasema hawajazi gari linalowaka, ni sheria. Nikamsomea somo refu juu ya tofauti ya petroli na dizeli, kwamba hata ukitupia dizeli kijiti cha kiberiti kitazimika. Akaita mlinzi.

Je, nimeshindwa? Mimi? Mwuza viazi vya kukaanga pale kona humwaga mafuta yake yakichoka. Nimemwomba ndoo. Aliniuliza nina wageni wangapi. Nimeyachuja kwa mtandio wa hariri wa Mama Watoto (wa buluu, hauvai sana) na kuyatia kwenye tangi. Mamba amekohoa, amefikiri, amekubali! Tatizo dogo: mtaa mzima unanukia viazi. Mbwa watatu wamelala nyuma ya bomba la moshi, wanasubiri.

Jumamosi, 7 Juni

Stesheni. Mamba ananguruma nje. Shemeji amefika na kabati lake kumpokea mama yake kabla yangu, amevaa viatu vyeupe. Mama mkwe akashuka na masanduku, cherehani, na kabati la nguo la mninga. La kweli! Shemeji akasukuma, akalaza, akainua. Kabati halikuingia ndani ya kabati. Mimi nikafungua buti, nikakunja viti vya nyuma, likateleza ndani kama mkate kwenye tanuri. Abiria walisimama kutazama. Mama Watoto alitabasamu. Kwangu! Mara ya kwanza tangu kisigino.

Nikawa nafunga kamba. Mama mkwe akaingia mbele, akasema njaa imemshika ghafla, sijui kwa nini. Halafu kimya. Kimya kikubwa.

Akanichungulia dirishani, ufunguo mkononi.

"Baba, ulisahau gari linawaka. Mafuta yanapotea bure hivi hivi!"

Mwanamke huyu huzima taa za nyumba za watu. Ningejua!

Nikaomba ufunguo. Nikajaribu. Mamba hata hakukohoa. Uwanja wa stesheni ni bapa kama sahani. Mama Watoto akamwamuru kaka yake asukume. Akasukuma, viatu vyeupe na yote, akitaja majina ambayo sikuwahi kuitwa. Mama mkwe akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akasukuma pia, akicheka kama msichana. Mamba akawaka, akamfukizia Shemeji moshi wa viazi usoni.

Njiani nilijenga hoja. Masharti yalisema gari limfikishe mama bila kusukumwa. Wakati wa kusukuma, mama hakuwa ndani, alikuwa nyuma akisukuma. Kwa hiyo hakuna mama aliyesukumwa. Mama Watoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akampigia seremala.

Jumapili, 8 Juni

Seremala amekuja na futi kamba yake. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha nyuma kinachotazama nje, buti wazi, anafuma. Anasema hajapata baraza nzuri kama hiyo. Seremala akapima buti. Kisha jicho likamponyoka. Likamshika mama mkwe utosini, likashuka taratibu hadi kwenye nyayo. Midomo ikahesabu.

"Unanipima?"

Akasema samahani mama, ni mazoea ya kazi.

Sijapata kuona mtu mzima akiruka ua namna ile. Futi kamba ilimfuata nyuma kama mkia. Mama mkwe akatoa tamko: gari hili haliuzwi kwa yule mchawi maadamu yeye anapumua. Mama Watoto akamtazama mama, akatazama kabati lililofika bila mkwaruzo, akanitazama mimi. Mamba anabaki. Kwa sharti moja: kesho asubuhi plagi mpya. Nikaapa.

Ila nimepita kwa Mwalimu jioni hii. Wachimbaji wameufukia mtaro na kuushindilia. Mteremko umerudi, laini kuliko zamani! Plagi za nini basi? Kikwazo kimoja tu: Shemeji ameshaegesha pale.

Nimepata ubao mwingine. HATARI! NGUZO YA UMEME INAANGUKA!!!

Watu wa umeme si kama wa maji. Hao hawaji.