Ombi la Kumpima Dada Yako kwa Mita

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa,
Fundi wa Umeme wa Magari,
Karakana ya nyuma ya kituo cha mafuta.

Yah: MALALAMIKO RASMI KUHUSU DADA YAKO KUVUJISHA UMEME

Shemeji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na wote waliomo nyumbani kwako, akiwemo mlalamikiwa, ambaye najua fika kwamba muda huu amekaa sebuleni kwako anashona kwa cherehani ya mkeo na kwa umeme wako. Mimi nipo. Sisemi mzima wala mgonjwa. Nipo, kwenye volti 11.4.

Wewe mwenyewe ndiye uliyeling'oa viti lile basi dogo kuukuu, ukatuwekea kitanda, jiko, meza ya kushonea, betri chini ya sakafu na sola juu ya paa, ili nikishastaafu ukaguzi wa mizani tuwe tunahama na nyumba yetu mji hadi mji, mimi nikiendesha na dada yako akishona. Mpango ulikuwa mzuri, sikatai. Miezi mitano ya mwanzo betri ilikuwa na adabu zake. Kisha, miezi miwili iliyopita, ikaanza kuzimia ovyo. Nakumbuka vizuri kwa kuwa ilikuwa wiki ile ile ofisi yangu ya zamani iliponikabidhi mizani ya heshima, zawadi ya utumishi wangu, na furaha yangu yote ikaingia doa.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, dada yako alikuwa anamalizia sare kumi na mbili za wauguzi wa zahanati, ambazo aliahidi zitakuwa tayari kesho yake. Katikati ya kola ya saba cherehani ilikohoa, ikanyamaza. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele, ningejua pa kuanzia. Alikusanya vitambaa vyake, akaiacha kola ya saba imebanwa chini ya sindano, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba atarudi siku nitakayomkamata mwizi wa umeme na kumtaja kwa jina. Shemeji, mwizi nimemkamata. Ni yeye. Naomba nieleze hatua kwa hatua, kama nilivyozoea kueleza wakati wa utumishi wangu wa miaka thelathini na mmoja, ambapo hakuna muuza sukari aliyewahi kuniambia nimekosea, angalau si mbele yangu.

Kwanza niliandika orodha ya kila kinachokula umeme ndani ya gari: taa nne, feni, pampu ya maji, friji, chaja za simu na cherehani. Mizani yangu sikuiweka kwenye orodha, kwa sababu ni chombo cha kupimia, na mkaguzi hajikagui. Iko zake chini ya kitanda, imefunikwa taulo safi, haimsumbui mtu. Malalamiko yangu sasa ni haya:

1. SIMU. Mlalamikiwa huchaji simu yake, jambo ambalo ningelivumilia kwa moyo mkunjufu. Lakini huchaji pia simu za wateja wake, bila kuombwa mara mbili. Mteja anakuja kupimwa kiuno, anaondoka na asilimia themanini. Nilipohoji, alisema ni ubinadamu. Nimepekua kitabu cha maelekezo ya betri kurasa zote na ubinadamu sikuuona.

2. FRIJI. Dada yako hulifungua friji na kulitazama. Hachukui kitu, analitazama tu, kama anayesoma gazeti la bure. Nimempima kwa saa: wastani ni sekunde kumi na moja. Ilinibidi nitoe lile koleo langu la kazini na kulifunga friji kwa waya na lakiri, ule muhuri wa risasi, kama tulivyokuwa tunafunga mizani za mafisadi wa sokoni. Nikafunga na soketi mbili, na swichi ya feni. Shemeji, alivunja lakiri ya serikali kwa mkasi wa kukatia vitambaa, ili atoe maziwa ya chai. Ya chai yangu, anadai. Kwa kosa hilo nilikuwa nafungia watu maduka.

3. CHEREHANI. Nilimwomba kistaarabu kabisa kwamba siku za mawingu ashone polepole, na pindo fupifupi azizungushe kwa mkono. Alinijibu kwamba na mimi siku za mawingu niendeshe gari kwa kulisukuma. Hayo si majibu ya mtu anayetafuta suluhu. Halafu ananilaumu eti naegesha gari kivulini kila tunakofika, sola haipati jua. Kivuli ni lazima. Mizani nyeti kama ile yangu haitaki joto, wala haitaki kuzimwa, kwa sababu ukiizima inachukua siku nzima kutulia na kurudi kwenye ukweli. Jambo hilo hata mkaguzi wa mwaka wa kwanza analijua, ila nimeshindwa kumwingizia mshonaji akilini.

4. Hili nimelifuta. Lilihusu kuimba kwake wakati anashona. Nilikaa na mita mkononi wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, na mshale haukusogea. Nikarudia kwa wimbo wa pili na wa tatu, kwa ajili ya uhakika.

5. KUVUJISHA BILA KUGUSA. Hapa naomba ukae vizuri. Jumapili moja nilizima kila kitu kwenye orodha. Nikachomoa fyuzi zako zote, moja baada ya nyingine, nikazipanga mezani kama meno ya bandia. Tukatoka wote wawili, tukaenda kununua mboga. Tuliondoka betri ikiwa 12.6, tukarudi ikiwa 12.2. Sasa tufikiri pamoja kama watu wazima. Vifaa vyote vilikuwa vimezimwa. Mimi nilikuwa nimebeba kikapu. Aliyebaki ni nani? Nimesikia redioni kwamba mwili wa binadamu una umeme wake, mtaalamu alieleza vizuri sana. Basi kama wapo wenye umeme wa kutoa, lazima wapo na wenye umeme wa kuvuta. Sikutaka kumtuhumu mtu bila ushahidi, kwa hiyo nikamnunulia kandambili za mpira mzito na kumwomba asizivue ndani ya gari, hata kitandani. Alizivaa siku tatu. Betri iliendelea kushuka, kuonyesha kwamba uvujaji wake ni mkubwa kuliko mpira.

6. KUVUJISHA AKIWA MBALI. Leo ni siku ya nane tangu aje kwenu. Simu za wateja hazipo. Friji halitazamwi na mtu. Cherehani imekaa kimya mpaka kimya chake kinanikera. Nakunywa chai ya rangi gizani saa kumi na mbili unusu, nikiwa nimekaa upande wangu wa meza kwa mazoea. Na betri, Shemeji, inashuka vilevile, kwa kiwango kilekile. Mtu mwenye akili za haraka angesema basi huyu mama hana kosa. Mimi sikuajiriwa kwa akili za haraka. Ninachokiona ni kwamba dada yako sasa anavuta umeme wangu kutoka nyumbani kwako, umbali wa vituo vitatu vya basi, na ningekuwa wewe ningeanza kuiangalia mita ya nyumba kwa jicho la tatu.

Kwa heshima na taadhima, basi, naomba yafuatayo. Ufike na mita yako ile kubwa ya karakana, siyo hii ndogo yangu. Umshikishe dada yako waya mwekundu mkono wa kulia na mweusi mkono wa kushoto, mbele ya mashahidi wawili, nami nikiwepo kuandika. Ukikuta anavuja, umzibe kwa namna fundi anavyoona inafaa, kisha umrudishe kwangu mapema iwezekanavyo. Na ukikuta havuji, umrudishe vilevile, hayo mengine tutayazungumza tukiwa njiani.

Sitaki ionekane kwamba nina haraka. Ni kwamba sare za wauguzi bado hazijakamilika, na mteja anaulizia.

Nisalimie mkeo na umshukuru kwa cherehani. Wasalimie watoto wote kwa ukubwa wao. Na kama mama mkwe yupo hapo, mpe shikamoo yangu ya magoti, umhakikishie kwamba katika malalamiko haya simlaumu mtengenezaji kwa namna yoyote.

Naomba kuwasilisha.

Shemeji yako, mwenye chaji ndogo,

Mkaguzi wa Mizani na Vipimo (Mstaafu),
ajulikanaye sokoni kama Bwana Gramu.

Nakala: Faili. Betri, kwa taarifa.

Tanbihi:

Shemeji, barua ilikuwa imeshafungwa. Nikataka kuipima uzito kabla ya kuipeleka posta, kwa kuwa sijawahi kutuma kitu nisichojua gramu zake. Nikainama kuivuta mizani kutoka chini ya kitanda. Barua ina gramu kumi na tisa. Ila mkono wangu uligusa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili kuilisha mizani, ilikuwa ya moto kama sahani iliyotoka kwenye maji ya kuoshea, na ile feni yake ndogo inavuma chini ya taulo.

Inveta hiyo niliiunga mwenyewe wiki ile uliposafiri. Waya wake niliupeleka moja kwa moja kwenye betri, nikazikwepa fyuzi zako, ili mtu asije akaizima mizani kwa bahati mbaya. Nikaweka mita. Amperi mbili na nusu. Usiku na mchana, tukiwepo na tusipokuwepo, tukinunua mboga, akiwa amevaa kandambili.

Nimeing'oa. Nimelitoa gari kivulini. Leo ni siku ya pili, saa saba mchana, na betri inasoma 12.8, kipimo ambacho sijakiona tangu niwe mwenye mizani ya heshima. Nimewasha taa zote nne mchana kweupe. Nimewasha feni. Lakiri zote nimezikata, na friji nimelifungua, nikalitazama sekunde ishirini, na nikiri kwamba kuna kitu kinachotuliza humo ndani. Umeme umejaa tele na sina wa kumpa. Nimemkosea sana dada yako, na nimemkumbuka mno.

Ningeichana barua hii, lakini mkaguzi haharibu ushahidi, hasa ushahidi dhidi yake. Mwambie mwizi amekamatwa, na jina umtajie langu, lote, siyo lile la sokoni. Mwambie kola ya saba iko palepale chini ya sindano, sijaigusa. Na kama ataomba asomewe nilichoandika, tafadhali Shemeji, msomee namba nne tu.