Mguu wa Wombati

Jumatatu, tarehe 6, mwezi wa tano
Masera Marie-Thérèse, mtawa wa parokia, amefungua katoni ya vitabu vya picha vya Kifaransa. Cha kwanza: wombati! Mnyama mnene kama gunia la muhogo, uso wa mtu aliyekatizwa usingizi. Watoto wamempenda palepale. Jumamosi tunamfanyia sikukuu hapa Kasongo: nyimbo, michoro, na mtu mmoja atasoma kitabu mbele ya wazazi. Mtu huyo ni mimi. Sauti iko. Kifaransa tutaona.

Jumanne, 7
Ajabu! Masera anamtaka Esther-Divine. Mutoto wa miaka nane! Eti hakwami akisoma. Nikasimama, nikasema: wombati nilimwinda mimi mwenyewe kule Wamaza, nikamla na sombe ya majani ya muhogo. Masera akacheka mpaka miwani ikaanguka, akasema haya, asome mwindaji. Esther-Divine akauliza kama nilimla na ngozi. Nikamtuma maji.

Alhamisi, 9
Habari imepanda pikipiki. Mjomba Abedi kafika kutoka Wamaza, vumbi mpaka kwenye nyusi, anauliza mguu wake uko wapi. Kweli, katika ukoo wetu mpwa akiua mnyama, mguu wa nyuma ni wa mjomba. Nikikana, mimi mwongo, na Jumamosi anasoma yule mutoto. Nikikubali, nalipa. Tayari anamtazama Komanda, jogoo wangu.

Ijumaa, 10
Nimelipa. Komanda ameondoka kichwa chini. Mjomba anasema kwa unene ule, mguu wa pili tutauongea.

Jumamosi, 11
Nimesoma vizuri sana, hasa picha. Katika picha moja mtoto wa wombati anachungulia kutoka nyuma ya mama yake, nikasema anazaliwa. Esther-Divine akanisahihisha polepole, kama anamfundisha babu: mfuko wa mama unafunguka nyuma, ili akichimba, udongo usimwingie mtoto. Tena wombati wako Australia tu! Wazazi wakanigeukia. Nikasema wa huku niliyemla ndiye alikuwa wa mwisho. Vicheko, makofi!
Nikakimbia kwa Mjomba: wombati hayuko Wamaza, nirudishie Komanda. Akachokonoa meno. Akasema mimi nilikula kwa maneno, yeye amekula kwa meno. Na sombe.

Jumatatu, 13
Kitabu kipya: pengwini. Ndege mwenye koti, hajui kuruka. Esther-Divine ameanza kusafisha koo. Lakini safari hii nina akili! Sikusema nimemla. Nimesema tu bibi yangu wa Kabambare alifuga sita.

Jioni
Shangazi Régina, binti wa bibi huyo, amekuja na kikapu. Anaulizia mayai.