Jina Langu Kwenye Ubao wa Wafadhili

Jumatatu, 2 Februari

Revelian kaniwahi! Leo nimepita kwenye jumba la sanaa la kata yetu hapa Tegeta, linalofunguliwa Jumamosi. Serikali imetoa jengo. Vya ndani vyote, kuanzia taa hadi misumari ya kutundikia picha, ni vya wafadhili, na mlangoni kuna ubao wa majina yao. Jina la juu kabisa ni la Revelian, jirani yangu muuza vifaa vya ujenzi. Ametoa taa. Taa! Mimi, dalali niliyeuza nusu ya viwanja vya Tegeta, sina hata herufi moja pale.

Jumanne, 3 Februari

Nimemuuliza Madam Jenipher, katibu wa kamati, wanapungukiwa nini. Kasema kuta wanazo, taa wanazo, sanaa yenyewe ndiyo haba. Atakayeleta kitu cha maana, jina lake litakaa juu ya wote. Nikausikia mdomo wangu ukisema nina kinyago cha mpingo, kazi ya mkono wa baba mkwe wangu. Akapiga makofi!

Baba mkwe, Mzee Albano, amechonga vinyago kwenye soko la Mwenge maisha yake yote na wachongaji wenzake wanamheshimu sana. Kwangu hakuna kinyago chake hata kimoja. Alichobakiza kawawekea wajukuu. Na mkwe kumwomba mkwe mwenzie kitu, haiwezekani. Mwanaume hujitegemea.

Jumatano, 4 Februari

Nimepata! Cha barabarani, watu wamebebana mabegani, bei ya kutupa. Kasoro moja tu: mti wenyewe mweupe, tena mwepesi kama mkate. Mpingo ni mweusi na mzito. Uzito sina la kufanya. Weusi unauzwa dukani, kwenye kopo la dawa ya viatu. Nimejificha nyuma ya nyumba nikapaka na kusugua mpaka kikang'aa.

Mke wangu Flaviana kauliza mbona nanuka kama askari wa gwaride. Nikamwambia nimesafisha viatu vyangu vya sherehe. Akaenda kuviangalia. Vina vumbi la tangu Krismasi.

Ijumaa, 6 Februari

Jina liko ubaoni! ANSBERT, juu ya Revelian! Kapita akanipa hongera huku amenuna. Siku haikuwa na dosari mpaka Madam Jenipher alipobandika karatasi chini ya kinyago: Kazi ya Mzee Albano. Akasema mzee mwenyewe amealikwa, atakaa mbele na mgeni rasmi. Nikasema, maskini, mzee anaumwa. Kumbe Madam ameongea naye asubuhi, mzima kama chuma.

Jumamosi, 7 Februari

Sijui nianzie wapi. Joto kali. Feni hazikupata mfadhili. Mgeni rasmi, mama mmoja mwenye gauni jeupe, aliombwa apige picha na kinyago. Akakikumbatia! Alipokiachia, mikono myeusi, kifua cheusi. Kisha akajifuta jasho usoni. Akaenda kuwapa viongozi mkono mmoja mmoja, na dawa ya viatu ikasafiri naye mpaka kwa padri.

MC akamwekea Mzee Albano kipaza sauti mdomoni, akamuuliza kama kweli hii ni kazi yake. Mzee akanitazama. Kwao mkwe haumbuliwi mbele za watu, hata akiharibu vipi. Akajibu ndiyo, mkono ni wake, ila siku hiyo ulikuwa umechoka. Ukumbi ukaangua kicheko. Wachongaji wenzake walioketi nyuma hawakucheka. Waliinamisha vichwa.

Mzee wa watu ameichukua aibu yangu akaivaa yeye. Niliumia kwelikweli. Nilitaka kulia, ila nilikuwa nimeshika sahani ya pilau.

Jumapili, 8 Februari

Flaviana haongei na mimi. Kanisani kakaa na baba yake mbele, mie nyuma na waliochelewa.

Mchana mzee kanipigia simu nikambebee mzigo hadi jumbani. Kilikuwa kinyago chake mwenyewe, kile cha wajukuu. Kizito! Nusura kinivunje vidole. Mlangoni akamwambia Madam Jenipher kwamba jina lake haliwezi kulala chini ya kitu kile kingine. Mimi hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Changu kimetolewa. Jina langu limefutwa kwa rangi, mbele ya macho yangu, na mahali pake wameandika: Wajukuu wa Mzee Albano. Yaani watoto wangu! Wawili hao, mmoja bado analowesha kitanda, wako juu ya Revelian na baba yao hayupo popote.

Jumanne, 10 Februari

Nimekwenda kwa mzee kuomba radhi. Kanisamehe, kanikaribisha na chai. Njiani kurudi nimejitafakari kwa kina. Mtu mzima lazima ajifunze kutokana na makosa yake.

Kosa nimeliona: kinyago hushikwashikwa. Picha ya kuchora inatundikwa juu, haiguswi na mtu, na ukuta wa kushoto wa jumba bado mtupu. Tayari nimeipata moja, twiga wawili na jua linazama, rangi haijakauka vizuri. Nitasema ameichora mama mkwe. Hajawahi kushika brashi, lakini naye ni mkwe: hawezi kuniumbua mbele za watu.