Kibali cha Kulaza Kirikuu

Wananchi wa Mtwara wanatangaziwa furaha kuu: kuanzia sasa hakuna chombo cha moto kitakacholala barabarani. Kitengo cha Malazi ya Vyombo vya Moto kimeanzishwa. Kina mkuu, kina muhuri, kina minyororo ya kufungia magurudumu. Kilichokosekana ni maegesho tu, na hilo linashughulikiwa na kamati.

Tangazo lilimkuta Nuru na kirikuu yake, kale kagari ka mizigo kanakomlisha yeye na mama yake. Chumba chake cha Chuno hakikuwa na hata pa kuanika kanga, sembuse kulaza gari. Kirikuu ikifungwa mnyororo, jiko haliwaki. Akamtafuta dalali Sudi, aliyempeleka Shangani kwenye nyumba yenye ukuta na maua.

"Paking ipo, dada'angu."

"Iko wapi?"

"Hapo uliposimama."

"Hapa si sebuleni?"

"Ndiyo uzuri wake. Huibiwi taa."

Mwishowe alipata Magomeni, kwa Bi Mwanakombo: chumba safi, na uwa mpana uliozungushiwa mabati. Bibi aliuliza swali moja tu.

"Una mume mkorofi?"

"Sina hata mpole, bibi."

"Basi hamia, mwanangu."

Kikabaki kibali cha kitengo cha kulaza gari hapo. Bwana Hashimu, Mkuu wa Kitengo, alifika mwenyewe na gari lake kubwa jeupe. Kwa kuwa maegesho hayawezi kuthibitishwa bila kuegeshwa, aliliingiza hadi ndani. Akashuka, akatazama kivuli, akavuta pumzi ya kizalendo.

"Eneo hili ni la kimkakati."

"Maana yake nini, mheshimiwa?"

"Maana yake ni langu. Wadau wameshirikishwa."

Wadau walikuwa yeye na dereva wake.

"Na kirikuu yangu?"

"Itazingatiwa awamu ya pili."

Akafunga gari, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kwake kwa miguu, maana alikuwa jirani. Bi Mwanakombo alisema tu, "Karibu, baba." Kesho yake kirikuu ilikutwa barabarani nje ya lango, ikafungwa mnyororo kwa mujibu wa taratibu.

Ijumaa ngoma zikalia. Mjukuu wa Bi Mwanakombo alikuwa anachezwa unyago, na lango la uwa likafungwa. Mwanamume haingii humo hadi mwali atoke. Hilo kila mtu Mtwara analijua, isipokuwa kitengo.

Asubuhi yake Hashimu akaja amevaa tai. Bosi wake kutoka Dodoma alikuwa anatua uwanja wa ndege, na dereva alikuwa likizo. Langoni alisimama kungwi, Bi Mariamu, kifua mbele.

"Rudi ulikotoka, baba."

"Mimi ni Serikali!"

"Serikali ya kiume au ya kike?"

Hashimu akatafakari taratibu zake zote. Hazikusema kitu. Akamfikiria mama yake mzazi, mwanamke wa Newala, akisikia mwanawe kavamia unyago. Ndipo alipomwona Nuru ameketi kando ya mnyororo, mwanamke mwenye leseni.

"Nuru, mwanangu, ingia ukanitolee gari."

"Mimi? Kwenye eneo la kimkakati? Niko awamu ya pili, mheshimiwa."

"Nakuruhusu!"

"Kwa leo tu?"

Ndege ikanguruma juu ya mabati. Hashimu akatoa kibali mfukoni, akakijaza juu ya bodi ya kirikuu: uwa wote, malazi ya kudumu, jina la Nuru, muhuri. Kisha akapiga magoti na tai yake, akafungua mnyororo kwa mkono wake. Ndani ya uwa vigelegele vikapasuka. Kumbe mabati yana matundu.

Nuru akapokea ufunguo, akaingia, akatoka na gari. Lilikuwa limeshirikishwa vya kutosha: kanga mbichi madirishani, makopa ya muhogo yameanikwa juu ya paa, na boneti nyeupe zaidi kwa unga wake. Harufu yake ilikuwa ya jikoni kwa watu wengi.

Hashimu akagusa boneti, akajipangusa unga, akakumbuka cheo.

"Umekidhalilisha kitengo. Utaomba radhi kwa maandishi, na nakala uniletee ofisini."

"Siombi."

"Basi hata kwa mdomo."

"Hata kwa mdomo siombi. Sogea hapo, nataka kuingiza gari langu."