Mtapo Wangu na Koni ya Mervyn

Jumatano, 9 Aprili 2025
Daktari kasema moyo umechoka. Habari mbaya zaidi: mtapo wa Mervyn, jirani yangu wa juu, umetoa koni! Tulipanda pamoja, mbegu za mfuko mmoja kutoka Afrika Kusini, ambako mitapo ya aina hii, yenye majani ya miiba kama ya mtende, imebaki michache mno porini. Tangu hapo tunasubiri wa nani utatangulia. Wake, ghorofa ya tisa: dume, lina koni kama nanasi. Wangu, ghorofa ya sita: majani tu. Alipita kunipa pole ya moyo. Akakitazama chungu changu, akaniambia nisikate tamaa, mzee mwenzangu. Mshenzi.

Alhamisi, 10 Aprili
Mpango! Binti yangu Zelia hupamba kanisa. Analalamika kwamba matawi ya Jumapili ya Matawi huletwa yamekauka kama mikanda. Nikamwambia kwamba Mervyn anayo mabichi, marefu, kama tuliyobeba utotoni Dar. Ila amwombe mbele ya watu. Hataweza kumnyima Yesu.

Jumapili, 13 Aprili
Hakumnyima. Kakata yote, tena akicheka! Eti majani huota tena. Padre akamsifu mimbarini. Makofi. Miiba ikawachoma watoto, hakuna aliyenung'unika. Mtapo wake sasa kipara, na koni inaonekana vizuri kuliko jana. Zelia akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, mbona mimi sikutoa kitu.

Jumamosi, 19 Aprili
Nikatoa. Majani yangu yote, ya Pasaka, yapambe altare nzima! Macho yana ukungu. Nikatumia kisu cha mkate. Katikati kulikuwa na kinundu kigumu chenye manyoya, kinanizuia. Nikakichimbua chote. Mervyn alipokuja kubeba majani akakiona kwenye ndoo ya taka. Akakaa sakafuni. Akasema ilikuwa koni changa, tena ya jike. Kumbe chavua ya dume lake ameiweka kwenye friji, ndani ya kopo la achari, akiniombea wangu uwe jike. Tungepata mbegu! Akalia. Nikafurahi kidogo. Kisha nikalia mimi, sana.

Alhamisi, 1 Mei
Padre amekuja kunipaka mafuta. Nimeungama wivu, uongo na kisu. Akauliza kama sina tena kinyongo na Mervyn. Nikasema sina hata chembe.
Shina la mtapo wangu limeoza ndani. Nje bado gumu. Nimemwagiza Zelia: nikifa, apewe Mervyn. Amwambie niliona kinundu kingine kinakuja.
Atamwagilia. Atasubiri. Kijana yule, ana miaka themanini tu.