Kiti cha Wembe Kwenye Mashine ya Matope

Mtangazaji hana redio wala hanunui gazeti. Ana simu yenye kioo kilichopasuka na sauti ya kusimamisha ng'ombe, basi. Asubuhi hiyo, kahawa haijashuka hata kooni, alikohoa kama waziri anayefungua daraja.

"Haya, kimya kijiweni! 'Natafuta anayeweza kutambua vipuri hivi. Ni vya mashine ya zamani ya magurudumu matatu, ya kupita porini na matopeni, iliyoundwa kwa mkono. Anayejua hata kimoja aje asubuhi hii, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika.' Na picha hii hapa."

"Magurudumu matatu porini?" akadakia Gia, fundi wa malori mstaafu, ambaye hata akiumwa jino husema klachi inateleza. "Hicho si chombo, hicho ni kigoda."

"Ni ya vita hiyo," Mtangazaji akasema. "Gurudumu la mbele linatafuta mabomu, mawili ya nyuma yanakimbia."

"Acha fiksi! Lete simu." Gia akaisogeza mbali na macho mpaka mkono ukaisha. "Aa! Hii ni ya kiwandani, kutoka nje. Mimi nimefungua kama hizi mia nane."

"Sasa hivi ilikuwa kigoda," nikamwambia. Benchi letu la kahawa liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, kwa hiyo nina haki ya kuchokoza.

"Gundi, shona viatu. Mambo ya difu huyawezi."

Wembe, kinyozi wetu, alikuwa akipuliza kahawa yake. Huyu kinyozi hana hata unywele mmoja kichwani, na husema ni kwa sababu mpishi mzuri hali chakula chake. Alipoinama kuitazama picha, kikombe kikamponyoka.

"Kiti changu!"

"Kiti gani?"

"Kile kiti changu cha kunyolea! Cha ngozi nyekundu, kinacholala nyuma! Kiliibwa tangu nikiwa na nywele! Tazameni mkono wa kulia, ile alama ni mimi niliyemkata mteja sikio, nikateleza nikachana ngozi!"

"Ya mteja au ya kiti?"

"Zote mbili! Twendeni!"

Bi Kikombe, mama anayetuuzia kahawa, akaanza kukusanya vikombe haraka kuliko kawaida. "Wembe, baba, kiti kimeshazeeka. Kiache."

"Mwizi wangu nimempata leo, nimwache? Mkuki kwa nguruwe, bibi! Yuko wapi huyo aliyetangaza?"

Mtangazaji akasoma chini ya picha, akakuna shingo. "Aisee. Ni mtaa wa nyuma hapa. Nyumba ya marehemu Fundi Matope."

Basi safari ikaanza, Wembe mbele na wembe mkononi, sisi nyuma. Bi Kikombe naye akafuata na birika lake, akisema anakwenda tu kuhakikisha hakuna damu.

Tulimkuta binti wa marehemu uani. Ni mshonaji wa nguo, mwenye pini kifuani hata siku ya mapumziko. Alikuwa amevitoa vyuma vyote stoo, akavitandika juu ya turubai. Wembe alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akakikumbatia.

"Shikamooni, wazee wangu," binti akasema kwa mashaka. "Mmekuja kutambua?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimetambua, nimemaliza, nabeba," Wembe akajibu.

"Subiri kwanza!" Gia alikuwa ameshapiga magoti kwenye turubai kama mtoto aliyepewa pipi. "Binti, sogea. Hii ni shokapu ya mbele ya pikipiki. Hili difu, la kuzungusha magurudumu ya nyuma, ni la gari dogo, limekatwa likafupishwa. Injini hii... injini hii ilikuwa inavuta maji kisimani!"

"Si ulisema ni ya kiwandani?" nikauliza.

"Kiwanda gani kinaunga vyuma namna hii? Tazama kulehemu huku, kama kovu la upasuaji. Lakini pinda uone. Havipindi! Huyu mtu alikuwa na kichwa." Akashika ringi ya nyuma, iliyolehemewa vibao vya chuma kuizunguka. "Meno ya kung'ata matope. Kinapita mahali ambapo punda angeomba radhi arudi."

"Na hiki?" Binti akanyanyua chuma chenye matundu, kipana kama kiganja.

"Chujio la kahawa," akasema Mtangazaji.

"Sahani ya bomba la moshi," akasema Gia.

"Ni pedali ya cherehani," binti mwenyewe akasema, akashangaa sauti yake. "Nilikuwa sijaigeuza. Ya cherehani ya mama. Alikuwa akilalamika haina mguu, anazungusha kwa mkono."

"Basi baba yako aliifanya pedali ya mafuta! Ukikanyaga, inanguruma!" akasema Gia.

"Aliiba hata kwa mkewe!" Wembe akapiga kelele. "Mnaona? Mwizi!"

Binti akainamisha kichwa. "Pengine ni kweli, mzee. Mimi sikumjua sana. Kutwa yuko stoo, anatoka ananuka grisi. Nilidhani anapenda vyuma kuliko sisi. Ndiyo maana nikatangaza. Nilitaka nijue tu mashine yenyewe ilikuwa ya nini, halafu viende."

Bi Kikombe akaweka birika chini.

"Wembe, ondoa huo wembe. Mwizi wa kiti chako ni mkeo."

"Nani?"

"Mkeo. Na mimi nilishika miguu ya nyuma ya kiti." Akamgeukia binti. "Mlikuwa mkikaa kule juu kilimani, kabla ya lami. Masika gari halipandi, halishuki. Kabla yako mama yako alishikwa na uchungu, gari la kumpeleka hospitali likazama kwenye matope, mtoto akapotea palepale. Baba yako aliingia stoo, akaanza kuunga vyuma. Watu wa kule wakamcheka, wakamwita Fundi Matope."

Binti alikuwa ameishika ile pedali kwa mikono miwili.

"Ulipokaribia wakati wako, baba yako alishuka na mashine yake hapa chini, mvua imekaza. Mashine iko tayari, lakini kiti ni ubao mtupu. Mtu mwenye uchungu utamkalisha ubaoni? Mke wa Wembe akasema, chukueni cha mume wangu, kinalala nyuma. Tukakifunga kwa kamba. Akapanda kumchukua mama yako, mkateremka. Lakini wewe ulikuwa na haraka. Ulitoka katikati ya mteremko, kwenye hiyo ngozi nyekundu, baba yako amesimamisha mashine, anakukinga mvua kwa koti lake."

"Mama aliniambia nilizaliwa njiani," binti akasema polepole. "Sikujua njia yenyewe ilikuwa na kiti." Akacheka, halafu akalia, halafu vyote viwili kwa pamoja.

"Baada yako ikabeba wanawake wote wa kule juu, mpaka lami ilipokuja."

Wembe alikuwa amefura. "Na mimi nikashinda polisi kuripoti wizi! Mke wangu alilia nami! Alimlaani mwizi kwa sauti! Kwa nini hamkuniambia?"

"Uliapa kumkata mwizi masikio yote mawili. Nani angejitolea?"

Wembe akamtazama binti, akakitazama kiti. Akapangusa vumbi kwa kiwiko, taratibu, kama anayempangusa mteja nywele za shingoni.

Hapo lango likagongwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaingia na mkokoteni na mizani.

"Mzigo ndio huu?"

Binti akatikisa kichwa. "Samahani, kaka. Siuzi tena."

"Dada, tulikubaliana! Nimesukuma mkokoteni kutoka mbali!"

Wembe akakaa kwenye kiti, akakunja mikono. Gia akajitupa juu ya injini. Mtangazaji akakumbatia gurudumu. Nami, kwa kukosa nafasi, nikakalia difu, nikajuta papo hapo.

"Ukitaka kupima, pima na sisi!" Wembe akanguruma.

Mnunuzi akatuzunguka, akitutazama mmoja mmoja kwa jicho la kazi. Mwisho akamgeukia Bi Kikombe.

"Mama, na hawa wazee nao ni vyuma chakavu?"

"Wamechakaa, mwanangu," Bi Kikombe akajibu, akimmiminia kahawa. "Chuma ndicho hawana."